Sheria ya mazingira ikibadilishwa, anayepoteza mapato na anayelipa gharama si mtu mmoja

Mzani Mkongwe (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimefanya kazi ya bajeti katika halmashauri mbili tofauti kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kustaafu na kurudi hapa Dar es Salaam, na kuna jambo moja ambalo katika miaka yote hiyo sikuliona likifanywa sawasawa. Kila Serikali inapobadilisha sheria au kanuni ya mazingira, mjadala huwa juu ya usafi wa mazingira upande mmoja na kilio cha wenye viwanda upande wa pili, na hakuna anayekaa chini kupiga hesabu ya fedha ya umma yenyewe. Nasema hesabu ya kawaida kabisa: mapato gani yanakoma, mapato gani yanaanza, gharama gani inaongezeka, na kila moja kati ya hizo inaangukia kwenye kasma, yaani fungu la bajeti, ya nani.

Chukueni mfano wa mifuko ya plastiki, kwa kuwa wengi wetu tuliushuhudia. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba kuanzia tarehe 1 Juni mifuko hiyo itakuwa marufuku. Kanuni zenyewe, Tangazo la Serikali Na. 394, zilitoka mwezi Mei. Sasa zipangeni tarehe hizo kwenye kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na baraza la madiwani huwa limekwisha kupitisha makisio ya halmashauri miezi kadhaa kabla ya hapo. Siku tangazo linatolewa, makisio yetu ya 2019/2020 yalikuwa yamekwisha kufungwa na kupelekwa Dodoma, na ndani yake hapakuwa na hata senti moja ya mafuta ya gari la doria, posho ya mgambo, ghala la kuhifadhia mifuko iliyokamatwa, wala gharama ya kuiteketeza.

Marobota tuliyokamata tuliyarundika katika chumba cha nyuma cha ofisi moja ya kata. Yalijaa mpaka yakaziba dirisha, na mtendaji wa kata akawa ananipigia simu kila wiki kuomba tumtafutie pa kuyapeleka, kwa sababu panya walikwisha kuhamia humo na wananchi waliokuja kugonga mihuri walikuwa wanaruka viti. Fedha ya kuyaondoa hatimaye ilitoka kwenye kasma ya uzoaji taka. Maana yake ni kwamba kuna taka za sokoni ambazo mwezi ule hazikuzolewa ili mifuko iliyopigwa marufuku kwa jina la usafi ipate gari.

Huo ni upande wa gharama. Upande wa mapato, aliyepoteza alikuwa Hazina. Kiwanda cha mifuko kilikuwa kinalipa ushuru wa bidhaa, kinakusanya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kinalipa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 kwenye faida, na kinakata kodi kwenye mishahara. Juu ya hayo, tozo ya kuendeleza ufundi stadi wakati ule ilikuwa asilimia 4.5 ya mishahara, kwa hiyo kiwanda cha kubuni chenye mishahara ya shilingi milioni 18 kwa mwezi kilikuwa kinapeleka shilingi 810,000 kila mwezi kwa tozo hiyo peke yake. Sisemi mapato hayo yote yalipotea, maana watu waliendelea kununua vibebeo vya aina nyingine na kodi ikaendelea kulipwa kwingine. Nasema hakuna aliyetuambia ni kiasi gani kilihama, kiasi gani kilikufa, na kiasi gani kilivuka mpaka kikawa magendo.

Na faida je? Mitaro ikipungua kuziba, anayepumua ni wakala wa barabara. Kipindupindu kikipungua, anayepumua ni hospitali. Halmashauri iliyonunua mafuta ya gari la doria haioni faida hiyo kwenye vitabu vyake hata kidogo. Hapo ndipo penye swali langu: je, haifai kila mabadiliko ya sheria au kanuni ya mazingira yaje na karatasi inayoonyesha nani atapoteza, nani atalipa na nani atanufaika, kabla hayajaanza kutumika?

---

Mwana wa Msimbazi (#2)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma andiko lako mara mbili, na nakubaliana na nusu yake.

Nusu nisiyokubaliana nayo ni hii ya kuanza hesabu siku ya marufuku, kana kwamba kabla ya siku hiyo hatukuwa tunalipa. Mimi nimekulia karibu na bonde la Msimbazi. Kila masika Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, kuna gharama. Mabasi ya mwendokasi yanahamishwa kutoka kwenye karakana iliyojengwa mahali ambapo maji yamekuwa yakipita tangu mababu, kuna gharama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo, na mkopo ni mkopo, utalipwa na wajukuu zetu. Sisemi mafuriko ya Jangwani yanaletwa na mifuko peke yake, maana mto umejaa mchanga na watu wamejenga mpaka kwenye kingo zake, lakini plastiki nayo imo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kama kifungu hicho kingesimamiwa tangu mwanzo, kiasi gani cha fidia na ujenzi kingeepukwa? Hilo nalo ni swali la fedha ya umma, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mafuta ya gari la doria.

Kwa hiyo karatasi unayoitaka iwe na safu ya tatu: gharama ya kutofanya kitu. Bila safu hiyo, kila sheria ya mazingira itaonekana hasara.

---

Mzani Mkongwe (#3)

Marahaba mwanangu. Hoja ya safu ya tatu naipokea yote, na nakiri niliiacha kwa sababu ya mazoea ya ofisini, ambako tulifundishwa kuandika kinachoingia na kinachotoka tu.

Lakini angalia mfano wako wenyewe unavyoniunga mkono. Mkopo wa bonde analipa Hazina. Aliyeacha watu wajenge ndani ya mita 60 ni mamlaka za chini, ambazo nyingine zilikuwa zinatoza pango na ada kwa watu hao hao. Mwenye dhamana ya kuzuia hakuwa na fedha ya kuzuia, na mwenye fedha hakuwa mtaani kuona nyumba zinavyoota. Hayo ndiyo ninayoyalalamikia.

---

Mama wa Mtaa wa Kongo (#4)

Habari zenu wote. Mimi si msomi wa bajeti, nauza vifungashio Kariakoo, ila naomba niseme jinsi hesabu hiyo inavyoonekana kutoka upande wa kaunta.

Mifuko ya plastiki ilipokatazwa nilitii. Nilibakiwa na mzigo ambao nilikwisha kuulipia kodi, nikaupeleka nilikoelekezwa, nikapewa karatasi ya kukabidhi na si zaidi ya hapo. Nikaingia kwenye mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa. Baada ya muda mfupi tukaambiwa iliyo chini ya gramu 70 kwa mita moja ya mraba haikubaliki. Sawa, kiwango ni kiwango. Lakini mzigo wangu ulikuwa umepita bandarini, umethaminiwa, umelipiwa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, na nyaraka ninazo kwenye faili mpaka leo.

Siku ya ukaguzi walikuja vijana wawili na mzani mdogo kama wa sonara. Mmoja alikata kipande cha mfuko kwa mkasi, sentimita 10 kwa 10 kwa rula, akakiweka kwenye mzani. Kipande cha ukubwa huo kinatakiwa kisome gramu 0.7. Changu kilisoma 0.5. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na namba zikawa zinacheza, nikamwambia mwanangu zima feni. Akazima, ikasimama kwenye 0.5 vilevile. Sikuwa na la kusema. Wakabeba.

Swali langu kwa wenye hesabu ni hili. Fedha niliyolipa bandarini iliandikwa mapato. Mzigo wangu ulipokamatwa, kuna mahali popote iliandikwa kwamba mapato yale yalitokana na bidhaa ambayo Serikali hiyo hiyo imeiharibu? Maana mimi nilipeleka hasara kwenye hesabu zangu za mwaka, faida ikashuka, na kodi niliyolipa mwaka ule ikashuka pia. Kwa hiyo walichukua kwa mkono wa kulia na wakakipoteza kwa wa kushoto, na mimi katikati nikapoteza mtaji.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupima kwa kidole gumba. Mfuko wa gramu 70 ukiusugua unakwaruza, ule mwepesi unateleza.

---

Karani wa Kanuni (#5)

Mama, pole kwa yaliyokukuta. Swali lako lina jibu la kihasibu ambalo halitakufurahisha: hapana, haliandikwi popote, kwa sababu anayekusanya forodhani na anayesimamia kiwango mtaani hawatumii daftari moja.

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa kuwa nadhani mzee ameligusa tatizo lakini hajalitaja kwa jina. Katiba yetu, ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 135 inataka fedha za Serikali ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa zile ambazo sheria imezielekeza kwingine. Na ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia mambo kama vile kutoza kodi, kuibadilisha kwa namna nyingine zaidi ya kuipunguza, au kutoa fedha kwenye Mfuko Mkuu, mpaka Rais awe amependekeza na pendekezo lake liwasilishwe na Waziri. Ukizisoma ibara hizo tatu pamoja utaona kwamba waliotunga Katiba walijua kuwa kila sheria yenye fedha ndani yake inahitaji mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo ni Serikali yenyewe kupitia Hazina.

Sasa sheria zetu za mazingira kwa sehemu kubwa hazipiti mlango huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa Waziri madaraka mapana ya kutunga kanuni, na mambo mazito yote tuliyoyaona katika miaka ya karibuni yalikuja kwa kanuni. Marufuku ya pombe kali ya viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki, mwaka 2017 ilikuja kwa kanuni. Mifuko mwaka 2019, kanuni. Ada na tozo za mazingira, kanuni, ambazo zilitungwa mwaka 2008 na zimefumuliwa zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2018 na 2021. Masharti ya biashara ya kaboni mwaka 2022, kanuni vilevile.

Kanuni haisomwi mara ya kwanza na ya pili kama muswada. Huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha huwasilishwa bungeni, na Kamati ya Sheria Ndogo huipitia ikiwa tayari inatumika. Kazi kubwa ya kamati hiyo ni kuangalia kama kanuni imevuka mipaka ya sheria mama na kama imeandikwa sawasawa. Kuuliza ni shilingi ngapi zitatoka au kuingia kwa sababu ya kanuni hiyo ni kazi inayofanana zaidi na ya Kamati ya Bajeti, ambayo kanuni hazipelekwi kwake kwa kawaida.

Mfano wa viroba ndio unaonitia simanzi zaidi kama mwanasheria. Pombe kali ni moja ya vyanzo vya uhakika vya ushuru wa bidhaa. Kiwango cha ushuru huo kikibadilika hata kwa shilingi chache, Waziri wa Fedha husimama bungeni mwezi Juni, akasoma, na wabunge wakajadili. Lakini kifungashio chenyewe kilichokuwa kinabeba sehemu kubwa ya mauzo ya pombe hiyo kiliondolewa sokoni kwa kanuni ya mazingira, kuanzia tarehe 1 Machi, katikati ya mwaka wa fedha. Sitetei viroba hata kidogo, maana vilimaliza vijana wa mtaani kwangu. Ninachosema ni kwamba kubadilisha ushuru kidogo kunahitaji Bunge zima, ila kuondoa chanzo chote cha ushuru kunahitaji saini moja.

---

Kijana wa Mbagala (#6)

Wazee wangu, mbona mnazunguka? Faini zipo. Kanuni ya mifuko imeweka faini ya shilingi 30,000 mpaka 200,000 kwa anayekutwa na mfuko tu, na kwa mtengenezaji inaanzia milioni 20 na kufika bilioni moja. Faini hizo zikikusanywa ipasavyo, gharama yote ya usimamizi inajilipa na chenji inabaki.

---

Mzani Mkongwe (#7)

Kijana, hapo ndipo halmashauri nyingi zinapotumbukia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliotumbukia.

Mwaka mmoja tuliweka faini za mazingira kwenye maoteo ya mapato ya ndani. Kikao kilikuwa kinatafuta namna ya kujaza pengo, mtu mmoja akasema kata zetu zina wachafuzi wengi, tukaandika namba, kikao kikaisha. Robo ya kwanza tulifika karibu na lengo. Robo ya pili wananchi walikwisha kujifunza, makosa yakapungua, na makusanyo yakaporomoka. Kwa mantiki ya sheria tulikuwa tumefaulu. Kwa mantiki ya taarifa ya mapato tulikuwa tumeshindwa, na nikaitwa kujieleza mbele ya kamati ya fedha kwa nini lengo halijafikiwa. Mjumbe mmoja, mtu mzima kabisa, aliniuliza kama hatuwezi kuongeza nguvu kidogo ili makosa yapatikane. Sikumjibu.

Sheria ya mazingira inayofanya kazi hukausha chanzo chake yenyewe. Kwa sababu hiyo faini na tozo za aina hii hazifai kabisa kubebeshwa mishahara au matumizi ya kila mwezi. Angalia ushuru wa magari chakavu: gari dogo la kutembelea lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15 ya ziada, na lililovuka miaka 10 hutozwa asilimia 30. Ukiisikia hoja yake ni hewa safi na usalama barabarani. Ila siku Watanzania wote watakapoweza kununua gari la miaka mitatu, kuna tundu litatokea kwenye makusanyo, na nina hakika kuna mtu Hazina anaomba siku hiyo isifike upesi. Tunakuwa tunakataza kwa mdomo na tunategemea kwa mfuko.

Karani, nakushukuru sana. Hilo la mlango wa kanuni sikuwahi kulitazama hivyo.

---

Msafiri wa Magharibi (#8)

Nichangie kidogo tu. Niliishi California kwa miaka kadhaa kwa masomo. Bunge la jimbo lile lina ofisi yake ya wachambuzi wa bajeti tangu mwaka 1941, isiyo chini ya gavana, na miswada inayopita kwenye kamati za bajeti huambatana na uchambuzi wa gharama kwa serikali ya jimbo, na kwa serikali za mitaa kama zinaguswa. Hiyo ndiyo karatasi ya mzee Mzani. Jimbo lile lina sheria ya tathmini ya mazingira tangu mwaka 1970, na muswada wa kuilegeza au kuikaza nao kwa kawaida hupita kwenye utaratibu huo.

Ila nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Karatasi ile mara nyingi husema gharama ni ndogo au haijulikani, na wanasiasa huitumia kama fimbo ya kuua muswada wasioupenda. Karatasi haifanyi watu kuwa wakweli. Inawafanya tu waandike uongo wao mahali unapoweza kusomwa baadaye.

---

Mhasibu wa Jikoni (#9)

Nimefuatilia uzi huu nikiwa kimya, lakini mmekaa kwenye mifuko muda mrefu mno wakati moto wenyewe sasa uko jikoni.

Mimi ni mhasibu wa shule moja ya bweni, jina sitalitaja. Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mei mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan akazindua hapa Dar es Salaam mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Nia ni njema na wapishi wetu wanastahili. Mpishi wetu mkuu amekohoa kwa miaka kumi na tano mbele ya moshi ule, na macho yake mekundu wanafunzi wanadhani ni ukali.

Lakini nilipoangalia fungu la chakula sikuona palipoandikwa mtungi mkubwa, bomba, jiko la taasisi, wala fundi wa kulifunga. Kuni zilikuwa zinaletwa na mtu tunayemfahamu, kwa gari lake, tunamlipa kwa mwezi, na mwezi ukiwa mgumu anatuvumilia. Gesi haivumilii, unalipa ndipo unajaziwa. Kwa hiyo agizo la mazingira lilibadilisha deni la mwezi kuwa fedha taslimu ya siku ileile, na hilo kwa shule ni badiliko kubwa kuliko bei yenyewe. Tulinunua jiko kwa fedha ya ukarabati wa vyoo. Mwaka ule vyoo havikukarabatiwa.

Na kule mkaa unakotoka nako kuna hesabu. Benki ya Dunia ilichapisha mwaka 2009 makisio kwamba sekta ya mkaa nchini ina thamani ya takriban dola milioni 650 kwa mwaka, na kwamba Serikali inakosa mapato ya takriban dola milioni 100 kwa mwaka kwa sababu biashara kubwa inapita nje ya vibali. Mkaa wa Dar es Salaam unavunwa Pwani, Morogoro, Tanga na kwingineko. Wakala wa misitu anatoza mrabaha, halmashauri ya kule inatoza ushuru wake, na wilayani Kilosa kulikuwa na vijiji vilivyoweka utaratibu wa mkaa endelevu, vikawa vinapata mapato yake vyenyewe kutokana na msitu wao. Tukifanikiwa hapa mjini kuacha mkaa, mapafu yatakayopona ni ya Tandale na Manzese, na kisanduku kitakachobaki kitupu ni cha kijiji. Je, kuna aliyewaandikia wale wanakijiji kwamba ikifika mwaka fulani chanzo chenu kitakuwa kimekwisha, jiandaeni?

Marufuku ya ghafla tulikwisha kuijaribu. Januari 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku, mji ukababaika, na agizo likaondolewa baada ya muda mfupi sana. Wenye umri wangu mnakumbuka foleni za mafuta ya taa.

---

Mwana wa Msimbazi (#10)

Dada mhasibu, hilo la gesi kutovumilia limenigusa kuliko takwimu zote za uzi huu. Nyumbani kwetu mama alinunua mkaa wa kopo kwa miaka yote, kwa sababu fedha ya mtungi haikuwahi kukusanyika mahali pamoja.

---

Mzani Mkongwe (#11)

Nimekaa na maneno ya dada mhasibu usiku mzima, na nadhani niliuliza swali langu vibaya.

Niliuliza kama tunahitaji karatasi ya hesabu. Sasa naona karatasi ya jumla ya taifa, kama ile ya California, ingekuja na namba moja nzuri chini kabisa, faida halisi kiasi fulani, na ingekuwa sahihi, na bado vyoo vya shule ya dada visingekarabatiwa na kijiji cha Kilosa kingekosa fedha ya zahanati. Ukijumlisha faida ya Tandale na hasara ya kijiji unapata namba ambayo haimhusu yeyote kati yao. Ninachokitaka ni jedwali lenye majina ya walipaji: Hazina mstari wake, wakala wa misitu mstari wake, halmashauri inayovuna, halmashauri inayotumia, shule, mtaa. Na kama mstari mmoja unapata na mwingine unapoteza, waliopata wahamishe kiasi kwa waliopoteza, walau kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ruzuku za halmashauri zipo, utaratibu wa kuzipeleka upo, na kurekebisha fomula ya kuzigawa si jambo geni. Sheria ya 2004 ilianzisha hata mfuko wa dhamana wa mazingira kwa ngazi ya taifa, ingawa sheria kuunda mfuko ni jambo moja na mfuko kuwa na kitu ndani ni jambo lingine.

Na tarehe. Jamani, tarehe. Kama hakuna dharura, kanuni yoyote ya mazingira yenye gharama kwa halmashauri ianze kutumika tarehe 1 Julai, na itangazwe kabla ya Desemba, ili itukute tukiwa bado tunaandaa makisio. Jambo hili halihitaji fedha wala kamati. Lingetuokoa na ile chumba ya panya.

---

Karani wa Kanuni (#12)

"Kile chumba", mzee wangu, siyo "ile chumba". Samahani, ni ugonjwa wa kazi.

Pendekezo la tarehe linawezekana bila kugusa Katiba. Waziri anayetunga kanuni ndiye anayeandika humo siku ya kuanza kutumika, na hakuna kinachomzuia kuandika tarehe 1 Julai. Jedwali la walipaji ni gumu zaidi, kwa kuwa litahitaji wizara ya mazingira, Hazina na wizara inayosimamia serikali za mitaa kukaa meza moja kabla kanuni haijachapwa, na kwa uzoefu wangu kila mmoja atasubiri mwenzake aitishe kikao ili posho itoke kwenye fungu la huyo mwenzake.

---

Daftari la Mtaa (#13)

Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa mmoja ulio karibu na mtaro mkubwa unaoelekea Msimbazi. Mmekuwa mnauliza nani anapiga hesabu. Sisi tunapiga, kwa sababu tunachanga wenyewe.

Tuna daftari la kaunta lenye jalada gumu ambalo mhazini wetu, mama mmoja mwenye duka la nafaka, analiandika tangu kabla ya marufuku ya mifuko. Kila mtaro unapozibuliwa anaandika tarehe, vijana wangapi walishuka, walilipwa kiasi gani, gari lilibeba tripu ngapi, na pembeni kabisa, kwa kalamu nyekundu, anaandika kilichotolewa. Kurasa za mwanzo neno linalojirudia ni "mifuko, mifuko, mifuko, godoro". Kabla ya marufuku tulikuwa tunazibua kabla ya masika na tena katikati yake. Siku hizi mara nyingi tunazibua mara moja tu, na kalamu nyekundu inasema "mchanga, chupa, nepi za watoto". Mchango kwa kaya hata hivyo haujashuka, kwa sababu mchanga ni mzito kuliko mifuko na wenye magari wanatoza kwa tripu, hawaangalii kilichopakiwa.

Kwa hiyo kwa mtaa wetu, marufuku ilipunguza kazi na haikupunguza fedha. Sijui hilo linaingia kwenye safu ipi ya jedwali la mzee Mzani. Mpaka leo hajaja mtu wa halmashauri, wa wizara wala wa chuo kuuliza kama tuna kumbukumbu. Daftari lipo dukani kwa mhazini, chini ya mzani wa mchele. Atakayelihitaji anitumie ujumbe nimwelekeze, ila asije Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku hiyo sote tuko mtaroni.